Kupima Kasi ya Upepo kwa Kifaa cha Mkononi

Upepo unaoangusha migomba Karagwe na Kyerwa hauonekani. Kinachoonekana ni kazi yake. Kipimaupepo nacho hupima athari ya hewa, kisha huigeuza kuwa kasi. Zifahamu njia tatu, pamoja na udhaifu wa kila moja.

(a) Mapanga yanayozunguka
Hewa huzungusha mapanga kama ya feni ndogo, na kifaa huhesabu mizunguko. Njia hii hufaa kwa upepo wa wastani. Upepo dhaifu sana hauwezi kuushinda msuguano, hivyo kifaa husoma sifuri ingawa hewa inatembea. Elekeza kifaa kwenye upepo; kikikaa mshazari, husoma pungufu.

(b) Waya wa moto
Umeme hupasha moto waya mwembamba, na hewa inayopita huupoza. Kadiri kasi inavyoongezeka, ndivyo umeme mwingi zaidi unavyohitajika ili halijoto ya waya isishuke. Njia hii hufaa kwa hewa inayokwenda polepole, mfano ile inayopita dirishani mwa darasa. Udhaifu wake: waya hukatika kwa urahisi na vumbi hupotosha vipimo.

(c) Mrija wa Pitot
Ulibuniwa na Mfaransa Henri Pitot mwaka 1732. Tundu la mbele hupokea kanieneo ya hewa inayogonga; matundu ya ubavuni hupokea kanieneo ya kawaida. Tofauti yake ni p = ½ρv², ambapo ρ ni densiti ya hewa na v ni kasi. Upepo ukiwa dhaifu, tofauti hiyo huwa ndogo mno kupimika vizuri.

Swali la mfano
Katika kilima cha Karagwe chenye kimo cha mita 1,500, mrija wa Pitot unaonesha p = 18 Pa. Densiti ya hewa hapo ni 1.0 kg/m³. Tafuta kasi ya upepo.

Jibu
v = √(2p ÷ ρ) = √(2 × 18 ÷ 1.0) = √36 = 6 m/s

Angalia
Ukitumia 1.2 kg/m³, densiti ya hewa ya pwani, utapata takribani 5.5 m/s. Hesabu itakuwa safi, lakini jibu si sahihi, kwa sababu densiti ya hewa hupungua kadiri unavyopanda juu.

Kumbuka pia: vituo vya hali ya hewa hupima upepo mita 10 juu ya ardhi. Kipimo cha mkononi, hasa karibu na migomba au nyumba, kwa kawaida huwa kidogo zaidi. Andika kimo ulichopimia.