Karafuu, Mwani na Ushirika wa Wanakemia

Mwaka 1984 wanakemia wa Afrika Mashariki na Kati waliunda NAPRECA, mtandao wa utafiti wa kampaundi za asili. Mwaka 1987 ukawa chini ya mwavuli wa UNESCO. Haja ilikuwa ya dhahiri. Anayetaka kujua gome la mti wa dawa lina nini hulisaga, hulirowesha, hutenganisha kampaundi moja moja, kisha husoma umbo la molekuli kwa mashine yenye sumaku kubwa inayopozwa kwa heliamu ya kimiminika. Mashine hiyo ni ghali mno. Bila washirika, kazi ya miezi huishia kwenye chupa isiyojulikana ina nini. Ndiyo maana sampuli husafiri hadi kwenye maabara za nchi nyingine, na wanafunzi huvuka mipaka kusomea shahada za juu.

Zanzibar ina mali nyingi kwa kemia hii. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, kampaundi inayotuliza maumivu ya jino, na hata makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hukamuliwa mafuta kwa mvuke huko Wawi, Pemba.

Mwani una habari ndefu zaidi. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutafiti tangu miaka ya 1970, na kilimo cha biashara kikaanza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Kinachotafutwa ni karajinani, sukari ndefu inayogandisha vyakula na dawa ya meno. Karajinani ya mwani wa aina ya kotonii ina kikundi kimoja cha salfeti kwa kila jozi ya sukari, hivyo huganda imara; ya aina ya spinosamu ina viwili, hivyo huwa laini. Kotonii huleta bei nzuri zaidi, lakini hufa maji yakipata joto, na wakulima, wengi wao wanawake, hubaki na spinosamu ya bei ndogo.

Tatizo hilo halitatuliwi na mwanakemia peke yake. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa eneo la magharibi ya Bahari ya Hindi iliyoanzishwa mwaka 1993, ina makao makuu Unguja. Hutoa ruzuku za utafiti na kukutanisha wataalamu wa nchi za pwani na visiwa. Pengo kubwa lililobaki ni kiwandani: mwani mwingi bado husafirishwa ukiwa umekaushwa tu, na karajinani hutolewa ng'ambo.