Je, Wajua? Bitcoin ilizaliwa na kijembe

Je, wajua kwamba ndani ya bloku (fungu la kumbukumbu za miamala) ya kwanza kabisa ya sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, ya Januari 3, 2009, kumefichwa kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London la siku hiyohiyo? Habari yenyewe ilimhusu waziri wa fedha wa Uingereza, aliyekuwa akikaribia kuziokoa benki kwa mara ya pili. Satoshi Nakamoto, jina la bandia la mwanzilishi wa Bitcoin ambaye hajathibitishwa hadi leo, alikiweka kichwa hicho bila maelezo. Huenda ulikuwa muhuri wa tarehe tu. Wengi, nami nikiwamo, tunakisikia kijembe kwa serikali na benki.

Shamba la fikra hiyo lilikuwa limeshalimwa. Tangu 1992, kundi la wanahesabu na waandishi wa programu wa California, maarufu kama saifapanki, lilihubiri kwamba faragha ya mtu ilindwe na hesabu za usimbaji, si hisani ya serikali. Kabla yao, mwaka 1976, mwanauchumi Friedrich Hayek alitaka serikali zivuliwe ukiritimba wa kutoa fedha. Kwa wafuasi wa fikra hizo, ukomo wa bitcoin milioni 21 ni zaidi ya hesabu: hakuna gavana wa benki kuu wa kuchapa nyingine.

Kichekesho ni El Salvador. Septemba 2021, sheria ilianza kuwataka wafanyabiashara waipokee Bitcoin. Sarafu ya wapenda uhuru ikaja kwa amri ya dola! Januari 2025, bunge lao likaufuta ulazima huo.