Mashine Ikisema Sawa na Mwili Ukikataa

Leo tunazungumzia simu na mashine ndogo ndogo ambazo siku hizi zimeingia nyumbani kwa mama mjamzito.

Tuanze na mashine ya kupima presha, ile ya kufunga mkononi. Nyingine hutuma vipimo moja kwa moja kwenye simu. Ina faida kubwa, kwa maana presha ya mimba hupanda kimya kimya, mara nyingi baada ya wiki ya 20, na pengine siku yako ya kliniki bado iko mbali. Lakini ukipima mara tu unapotoka kuchota maji, utapata kipimo cha juu cha bure. Keti, egemea kiti, miguu iwe sakafuni bila kukunja nne. Pumzika dakika 5. Mkono uwe usawa wa moyo, wala usizungumze. Kisha andika namba zote mbili na tarehe katika kitabu chako cha Mama na Mtoto.

Namba ya juu ikifika 140, au ya chini 90, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Ikifika 160, au ya chini 110, hiyo ni dharura hata kama hujisikii mgonjwa.

Je, mashine ikisema 120 kwa 80, na kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au una maumivu chini ya mbavu? Nenda! Hapo usiiulize mashine. Na usiifungie kabatini ukishajifungua, kwani presha inaweza kupanda hata wiki za kwanza baada ya kuzaa.

Kile kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, mimi sikishauri. Asiyefunzwa husikia mapigo yake mwenyewe akadhani ni ya mtoto, akatulia nyumbani. Mtoto akipunguza kucheza, enda hospitali, iwe usiku au mchana.

Mtoto akishazaliwa, simu yoyote yenye saa inatosha. Akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, hesabu pumzi zake dakika nzima. Zikiwa 60 au zaidi, hesabu tena. Zikibaki hivyo, mpeleke hospitali. Mpeleke pia kipimajoto cha kwapani kikionyesha 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5. Akikataa kunyonya, usipoteze muda kutafuta kipimajoto.

Huna intaneti? Hapa Kenya shirika la Jacaranda Health lina huduma ya PROMPTS, inayotuma ujumbe mfupi kwa akina mama bila malipo, hata kwa simu ndogo, nawe unaweza kuuliza swali. Mwulize muuguzi wako kama kituo chenu kinaandikisha. Lakini damu ikitoka, usiandike ujumbe ukangoja jibu. Tafuta gari.

Juma lijalo, mama, tutazungumzia kitovu cha mtoto mchanga.