Dawa ya Pancha Kabatini Mwangu

Wazee wenzangu, wajukuu zetu hapa Maskati sasa wapanda milima kwa baiskeli zenye tairi zisizo na tyubu. Ndani ya tairi hutiwa dawa ya utomvu wa mpira. Mwiba wa mgunga ukitoboa, dawa hukimbilia tunduni ikaganda. Adui yake ni joto letu. Kwa hiyo chupa zao nazihifadhi mimi, kabatini penye baridi, vifuniko vimekazwa. Garini hata siku moja. Nawanunulia chupa ndogo. Kopo kubwa ni rahisi, lakini hugeuka mabonge kabla ya kwisha. Kabla ya kutia waitikise sana, kwani chembe za kuzibia hutuama chini. Na wakati wa kiangazi wachungulie tairini kila mwezi: pancha isiyozibika njia ya Jabal Akhdar ni mtoto kukokota baiskeli juani, na maji yamekwisha.