Fahamu: Wanafunzi wa Butembo na Beni katika viti vya Baraza la Usalama

Aprili 2021, wanafunzi wa Beni, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walipiga kambi kwa siku kadhaa kwenye ofisi ya meya wakidai mauaji ya raia katika eneo lao yakome. Polisi waliwatawanya. Watoto hao hawahitaji kuambiwa kwamba siasa ya dunia inawahusu. Wanahitaji kujua inavyoendeshwa.

Njia moja ni kuigiza vikao vya Umoja wa Mataifa darasani. Kila mwanafunzi hupewa nchi, husoma msimamo wake, kisha huutetea hata kama yeye mwenyewe haukubali. Tuchukue kikao cha Baraza la Usalama kuhusu MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani nchini Kongo ulioanza 2010. Viti ni 15. Azimio linahitaji kura 9, lakini Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi au China ikipinga, limeanguka. Mwanafunzi wa Butembo, mji ambako watu waliuawa katika maandamano dhidi ya MONUSCO Julai 2022, anaweza kujikuta akitetea askari wa ujumbe huo wabaki. Hapo ndipo somo linapouma, na ndipo linapofaa. Tena wakati wake ni huu: Kongo yenyewe imechaguliwa kukaa barazani 2026 na 2027.

Utamaduni nao una nafasi yake katika somo hili. Wanande wa Beni na Butembo ni ndugu wa Wakonjo wa Uganda. Mpaka wa wakoloni uliwapita katikati. Nyimbo za pande zote mbili zikiimbwa shuleni, mjadala wa mipaka huanza wenyewe. Mwalimu hahitaji ukumbi wala intaneti: redio, madaftari na vibao vyenye majina ya nchi vinatosha kuanzia.