Chebet yupi? Hesabu iliyojificha nyuma ya faili la mgonjwa

Simama mlangoni mwa kituo chochote cha afya kule Nandi uite "Chebet!" na usishangae wakiinuka wanawake watatu. Jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa mchana. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Cherop, na mvulana wa mvua hiyohiyo ni Kiprop. Aliyefika duniani ng'ombe wakirudi zizini ni Kiprotich, wa alfajiri ni Kipkoech. Ni majina yanayobeba saa na hali ya hewa, nami nayapenda, ila karani wa rekodi yanamtoa jasho. Leo ameandika Chebet, kesho mwenzake wa zamu ataandika Jebet, na mama mmoja atajikuta ana mafaili mawili: moja lina majibu ya maabara, na lile analoshika daktari ni tupu.

Nimeanza na majina kwa sababu ndiyo yanayonijia akilini kila ninapoketi katika mhadhara wa utafiti wa wahandisi, uwe Kesses kwenye kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi au kwingineko. Siku hizi slaidi hazikosi akili unde, vihisio vya kuvaa mkononi, na programu inayosoma picha ya kifua. Wasemaji ni vijana hodari. Lakini kuna slaidi moja ninayoingoja na mara nyingi haiji: nani ataketi kuingiza data, kwa mkono upi, kwenye meza ipi, na stima ikipotea itakuwaje? Ajabu ni kwamba maswali hayo yalishajibiwa hapahapa Eldoret na viungani mwake, tangu mwaka 2001.

Mwaka huo, katika kituo cha afya cha Mosoriot kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kapsabet, zilifungwa kompyuta mbili zilizounganishwa, zikiwa na betri za kuziokoa stima inapokatika. Ndani yake mlikuwa na programu rahisi ya kuhifadhi rekodi, iliyojengwa juu ya Microsoft Access, ileile iliyokuwa katika kompyuta nyingi za ofisi wakati huo. Waliohusika walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Mgonjwa alipofika, karani alimsajili kwenye kompyuta badala ya kufungua daftari kubwa la mistari; alipoondoka, yaliyofanyika yakaingizwa.

Watafiti hawakuridhika kusema "mambo yamekuwa mazuri". Walishika saa wakawafuata wagonjwa na wafanyakazi, kabla na baada ya kompyuta, wakahesabu dakika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Ziara ya mgonjwa kituoni ilifupika kwa asilimia 22. Muda ambao mhudumu alitumia kwa kila mgonjwa ulipungua kwa asilimia 58. Kungoja kulipungua kwa asilimia 38, ingawa kitakwimu tofauti hii ya mwisho ilikuwa bado haijavuka mstari ambao wanasayansi huutumia kusema "hii si bahati tu". Na kuna jambo moja ambalo hunichekesha kila ninapolikumbuka: wafanyakazi walipunguza mazungumzo baina yao kwa theluthi mbili, na muda walioupata ukaenda kwa sehemu kwenye shughuli zao binafsi. Kompyuta iliokoa dakika, lakini haikuamua dakika hizo ziende wapi. Sijui mhandisi gani angethubutu kuiweka hiyo kwenye slaidi zake.

Mwaka huohuo wa 2001 ndipo AMPATH ilipozaliwa, mpango wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH) na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana, wa kuwatibu watu wenye virusi vya Ukimwi. Wagonjwa waliongezeka haraka mno. Hapo programu ya Mosoriot ikaanza kulemewa, na sababu yake inafaa kuelezwa polepole kwa kuwa ndiyo kiini cha yaliyofuata.

Fikiria daftari la mwenye duka. Amechora safu tatu: sukari, unga, mafuta. Siku akileta sabuni hana pa kuiandika, basi anachora safu ya nne pembeni. Ikija kiberiti, ya tano. Baada ya mwaka daftari limekuwa pana kuliko meza, na safu nyingi ni tupu. Jedwali la kawaida la kompyuta hukwama vivyo hivyo. Leo daktari anauliza uzito na joto la mwili. Kesho mwongozo wa matibabu unabadilika, anataka pia hesabu ya seli za CD4, zile za kinga ambazo virusi huzishambulia. Mwezi ujao anataka kujua kama mgonjwa ana chakula nyumbani. Kila swali jipya linadai safu mpya, na safu mpya inamdai mtaalamu wa programu, ambaye pengine yuko Indianapolis amelala.

Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya hukohuko Indianapolis, Paul Biondich na Burke Mamlin, walifika Eldoret wakaiona hali hiyo. Burke ni mwana wa Joe Mamlin, daktari aliyeongoza AMPATH kwa miaka mingi hapa mjini, kwa hiyo tatizo lilikuwa la nyumbani. Suluhisho lao lilikuwa kulilaza daftari ubavu. Badala ya safu kwa kila swali, kila jambo linalojulikana kuhusu mgonjwa huchukua mstari wake: nani, lini, nini, kiasi gani. Chebet, tarehe fulani, uzito, kilo 54. Chebet, tarehe ileile, CD4, 310. Orodha ya "nini" huwekwa kando kama kamusi. Daktari akitaka kupima jambo jipya, anaongeza neno kwenye kamusi, basi. Jedwali lenyewe haliguswi. Kwa wazo hilo waliungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, na likazaliwa jina OpenMRS. Mwaka 2006 mfumo huo ulianza kufanya kazi Eldoret.

Waliuacha uwe programu huria, yaani yeyote aweza kuichukua, kuifungua na kuirekebisha bila kulipia leseni. Rwanda iliipokea mapema. Baadaye ilitumika katika kituo cha kutibu Ebola cha Kerry Town, Sierra Leone. Kenya ikajengea juu yake mfumo wake wa vituo vya serikali, KenyaEMR, kuanzia 2012. Kwa hiyo ukiona tabibu wa Turkana au Kisii akibofya faili la mgonjwa wa dawa za kupunguza makali ya virusi, huenda msingi wa anachobofya ulichorwa kwa sababu ya msongamano wa Eldoret.

Turudi kwa Chebet. Kamusi haimsaidii kama hatujui ni Chebet yupi. Hapo inakuja nambari, na nambari nayo ina maradhi yake: binadamu akinakili tarakimu hukosea, hasa kwa kugeuza mbili zilizo jirani. Dawa yake ni ya kale. Hans Peter Luhn, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi IBM, aliiombea hataza mwaka 1954 na kuipata 1960. Kabla ya kompyuta, Luhn alikuwa mtu wa viwanda vya nguo, na alibuni kifaa cha kuhesabu nyuzi za kitambaa. Katika mji huu wenye Rivatex, kiwanda cha nguo ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, nadhani angejisikia nyumbani.

Chukua kalamu. Tuseme nambari ya mgonjwa ni 47215. Anza kulia, zidisha kwa mbili tarakimu moja, ruka inayofuata, zidisha, ruka. Tano inakuwa kumi, na kwa kuwa ina tarakimu mbili tunazijumlisha: moja na sifuri, moja. Moja inabaki moja. Mbili inakuwa nne. Saba inabaki. Nne inakuwa nane. Jumla ni 21. Ili kufikia kumi kamili inayofuata, yaani 30, tunahitaji 9. Basi nambari inaandikwa 47215-9. Karani aliyechoka akiandika 42715-9, kompyuta inarudia hesabu ileile na kupata 17. Ilipaswa kufuatwa na 3, si 9. Inakataa papo hapo, kabla majibu ya Chebet hayajaingia kwenye faili la Kiprop. OpenMRS ilipanua mbinu hiyo ikubali pia herufi, lakini kwa uangalifu: O haimo kwa kuwa hufanana na sifuri, I haimo kwa kuwa hufanana na moja, na B, Q, S na Z zimeachwa kwa sababu kama hizo. Aliyeamua hivyo alikuwa ameshauona mwandiko wa hospitali.

Baada ya mgonjwa kujulikana na rekodi kujaa, ndipo kompyuta ikaweza kufanya jambo ambalo wengi wangeliita akili. Halikuwa akili. Zilikuwa kanuni chache za "kama hivi, basi vile": kama kipimo cha mwisho kimepitwa na wakati na kipya hakijaagizwa, kumbusha. Tena kikumbusho hakikutokea kwenye kioo cha kompyuta, kwani chumba cha daktari hakikuwa na kompyuta. Daktari alijaza fomu ya karatasi, makarani wakaiingiza, na mgonjwa aliporudi, kompyuta ilichapa muhtasari wa hali yake ukawekwa ndani ya faili, na kikumbusho kimeandikwa humo.

Martin Were, daktari Mkenya na mtaalamu wa taarifa za afya, na wenzake waliupima ujanja huo kwa njia ya kisayansi. Katika utafiti uliochapishwa 2011, kliniki iliyopata vikumbusho iliagiza kipimo cha CD4 kilichochelewa katika asilimia 53 ya ziara, na kliniki isiyovipata katika asilimia 38. Mwaka 2013 yakaja matokeo ya watoto: pale vikumbusho vilipokuwapo, asilimia 68 ya kazi zilizochelewa zilitimizwa, pasipokuwapo, asilimia 18. Madaktari walikuwa walewale kwa ujuzi. Tofauti ilikuwa wino kidogo kwenye karatasi, umefika mkononi mwa mtu mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni.

Huo ndio mzani ninaoutumia kupima slaidi za leo. Mwaka 2025 Penda Health, mtandao wa kliniki za Nairobi, pamoja na kampuni ya OpenAI, walitoa matokeo ya akili unde inayosoma anachoandika tabibu na kumwashia taa: kijani endelea, manjano angalia, nyekundu simama. Katika ziara 39,849 kwenye kliniki 15, matabibu wenye msaidizi huyo walifanya makosa machache zaidi, kwa asilimia 16 katika utambuzi wa ugonjwa na asilimia 13 katika matibabu. Ni habari njema, ila tuisome tukikumbuka kwamba mtengenezaji wa akili hiyo alikuwa miongoni mwa wapimaji wake, na kwamba kwa upande wa wagonjwa kupata nafuu, tofauti haikuthibitika kitakwimu. Kilichonivutia mimi ni kitu kingine: mwanzoni matabibu waliziacha taa nyingi nyekundu zikiwaka. Hali ilibadilika wenzao walipowakalia karibu na kuwaelekeza. Mosoriot tena, miaka zaidi ya ishirini baadaye.

Kuna hesabu moja ambayo Luhn hakuiachia kanuni. Programu huria haina leseni ya kulipia, lakini seva inakula stima, betri huchoka, na karani ana watoto shuleni. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama za matibabu ya virusi vya Ukimwi katika eneo hili ilitoka serikali ya Marekani, na Januari 2025 serikali hiyo ilipositisha misaada ya nje, mipango ya aina hii kote nchini iliguswa. Nakiri kwamba siku hizi swali la fedha ndilo ninalolingoja zaidi kwenye mihadhara, kuliko hata lile la stima.

Ukitaka kuiona kanuni ya Luhn kwa macho, huna haja ya kwenda hospitalini. Bonyeza *#06# kwenye simu yako. Zitatokea tarakimu 15, na ya mwisho ni ya ukaguzi, imepatikana kwa hesabu ileile tuliyoifanya hapo juu. Jaribu kugeuza tarakimu mbili jirani uone inavyokataa. Ila ukikuta 0 na 9 zimekaa pamoja, zigeuze: 09 iwe 90. Hesabu itatoka vilevile, kompyuta itakubali, na kosa litapita. Hapo ndipo karani hulazimika kuinua macho kutoka kwenye kioo, amtazame mama aliye mbele yake na kumuuliza, kama alivyouliza karani wa enzi za madaftari: "Chebet wa nani?"