Programu ya bure iliyokula pesa za stoki

Saa kumi na moja alfajiri, kabla hata hajawasha jiko, mteja wetu mmoja mwenye duka la rejareja aliangalia simu yake na kukuta SMS tatu zikifuatana. Pesa zimetumwa, pesa zimetumwa, pesa zimetumwa. Jumla ilikuwa Sh18,400, hela alizokuwa ameweka za kununua unga, sukari na mafuta siku ya Jumatatu. Zilikuwa zimetoka saa tano usiku, yeye akiwa amelala. Alipotupigia, hata kulia hakulia. Alikuwa na swali moja tu: "PIN yangu sijampa mtu. Hata mzee wa nyumba haijui. Sasa imetoka aje?"

Tulimwamini. Tukamuuliza kama kuna kitu kipya ameweka kwenye simu hivi karibuni. Akasema hapana, akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka. "Labda ile ya stoki. Kijana wa dada yangu aliniwekea. Ni ile ile niliyokuwa nalipia, lakini hii ni ya bure."

Hapo ndipo tulipopata jibu.

Programu aliyokuwa akilipia ilimgharimu Sh300 kwa mwezi. Inahesabu mali iliyobaki dukani, inaweka orodha ya wateja wa deni, na jioni inamwambia faida ya siku. Kijana, kwa nia njema kabisa, alipata faili yake kwenye kikundi cha mtandaoni, ikiwa imevunjwa kufuli ya malipo. Akamtumia shangazi yake, akaiweka, kazi ikaendelea. Sh300 zimeokolewa kila mwezi. Nani angekataa?

Wacha tueleze vile nakala kama hiyo hutengenezwa, kwa sababu wengi hudhani ni kitu kilekile kilichoondolewa bei. Mtu huchukua faili ya programu halisi, akaifungua, akatafuta mahali inapouliza "huyu amelipa?" na kupaondoa. Sasa kwa kuwa tayari yuko ndani, anaweza kuongeza lolote analotaka. Kisha anaifunga tena na kuweka sahihi yake mwenyewe ya kidijitali, maana sahihi ya mtengenezaji hana. Ndiyo sababu Android haikubali nakala hiyo ikae juu ya ile halisi. Lazima uiondoe ile halisi kwanza. Ukiambiwa na mtu "futa hiyo ya zamani ndio hii iingie", ujue unachowekewa hakikutoka kwa mtengenezaji yule yule.

Ya mteja wetu iliomba ruhusa mbili ambazo ile halisi haikuwahi kuomba. Ya kwanza ni kusoma SMS. Ya pili ni ile ya ufikivu, ambayo kwenye simu nyingi imeandikwa Accessibility. Ruhusa hii iliwekwa kuwasaidia watu wasioona vizuri au wasioweza kugusa skrini kwa urahisi. Programu ikiwa nayo inaweza kuona kilicho kwenye skrini, kujua unachogusa, na hata kugusa kwa niaba yako. Kwa mtu asiyeona ni msaada mkubwa sana. Kwa mwizi ni kama kukaa nyuma ya bega lako siku nzima. Mama aliandika PIN yake kwenye apu yetu kama kawaida, na kuna aliyekuwa akitazama. Namba ya siri ya mara moja ilipoingia kwa SMS, ikasomwa pia.

Hili halikuanza kwake. Mwezi Agosti 2021, watafiti wa kampuni ya Kaspersky walieleza kwamba toleo moja la FMWhatsApp, mojawapo ya zile WhatsApp zilizobadilishwa ambazo watu hupenda kwa sababu ya urembo na mambo ya ziada, lilikuwa limebeba virusi vya Triada. Virusi hivyo viliweza kuleta vingine kwenye simu, vikiwemo vya kumsajili mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Mwaka uliofuata wakaeleza kuhusu YoWhatsApp, iliyokuwa ikichukua funguo za akaunti za watumiaji. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyedhani anaiba chochote. WhatsApp yenyewe ni ya bure!

Tulitaka kujua upande wa pili, kwa hivyo tukawatafuta walioitengeneza ile programu ya stoki. Ni vijana watatu wenye chumba kimoja cha ofisi. Hawakushangaa. Walikuwa wameijua nakala hiyo kitambo, na walivyoijua ndivyo vilivyotuacha mdomo wazi: waliokuwa wakiitumia ndio waliokuwa wakiwapigia simu kuomba msaada. Programu imegoma, hesabu hazilingani, deni la mteja fulani limepotea. Mpigaji hajui kama yake ni ya wizi, au anajua na hasemi. Kijana wa huduma kwa wateja anakaa nusu saa akitafuta kosa ambalo wao hawakuliweka, huku mteja aliyelipa akisubiri kwenye laini.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Julai 2021, Google ilianza kuchukua asilimia 15 ya dola milioni 1 za kwanza ambazo mtengenezaji anauza kwenye Play Store kwa mwaka. Zamani ilikuwa asilimia 30. Kwa hiyo kwenye ile Sh300 wanabaki na Sh255, na humo kuna seva, kuna kodi ya chumba, kuna mishahara ya watu watatu. Duka moja likihamia nakala ya wizi hawalioni. Yakihama arobaini, mmoja wao anarudi nyumbani.

Kuna kisa tunachokipenda kuhusu jambo hili. Aprili 2013, ndugu wawili wenye kampuni ndogo iitwayo Greenheart Games walitoa mchezo wa kompyuta unaoitwa Game Dev Tycoon, ambamo mchezaji anaendesha kampuni yake ya kutengeneza michezo. Siku ile ile ya kuuzindua, wao wenyewe walipeleka mtandaoni nakala "iliyovunjwa", iliyofanana na ile ya dola 7.99 isipokuwa jambo moja: baada ya muda, kampuni ya mchezaji ilianza kufilisika kwa sababu watu ndani ya mchezo walikuwa wakiiba bidhaa zake. Siku ya kwanza, watu 214 walicheza nakala ya kununua. Waliocheza ile ya wizi walikuwa 3,104. Na baadhi yao walikwenda mtandaoni kulalamika kwamba wizi unawamalizia kampuni, wakauliza kama kuna njia ya kuuzuia. Hapo sasa.

Lakini sisi tunasema anayeumia zaidi mara nyingi ni yule aliyelipa. Watengenezaji wakiibiwa huongeza kufuli, na kufuli humsumbua mwenye nyumba kabla ya kumsumbua mwizi. Mwaka 2010 kampuni ya Ubisoft iliuza Assassin's Creed II kwa kompyuta kwa sharti kwamba lazima uwe kwenye intaneti muda wote unapocheza. Mwezi Machi seva zao zikashambuliwa, na baadhi ya wateja waliolipa pesa zao wakafungiwa nje ya mchezo walioununua. Kwa mtu anayenunua bando la saa moja, hata bila kushambuliwa na yeyote, sharti kama hilo lingekuwa mateso.

Na sisi hatuko nje ya hadithi hii. Mnatuuliza kila wiki mbona apu yetu inakataa kufanya kazi kwenye simu iliyofunguliwa mfumo, mbona inaomba uthibitisho tena ukibadilisha simu, mbona muamala mkubwa unacheleweshwa. Jibu la kweli ni kwamba kuna simu nyingi zenye programu za kuiba, na hatuwezi kutofautisha yako na hizo kwa kuangalia jina tu. Mnasumbuliwa kwa sababu ya watu wengine. Tunajua inachosha.

Wale wanaosema programu ni ghali pia wana hoja, na hatutaipuuza. Bei ikiwekwa kwa dola na malipo yakitaka kadi ya benki, mwenye kibanda amefungiwa mlango kabla hajafika. Lakini kabla ya kuvunja kufuli, angalia kama kuna ya bure iliyo halali. LibreOffice inaandika barua na kufanya hesabu bila kulipia hata senti. VLC inacheza video. Na watengenezaji wengi wa hapa nyumbani wanakubali malipo ya simu, wengine hata kwa wiki. Waulize. Wale vijana watatu walituambia wamewahi kupunguzia mtu bei kwa sababu tu alipiga akaomba. Sheria nayo ipo: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo.

Kama nakala ya aina hii iko kwenye simu yako sasa hivi, usikimbilie kubadilisha PIN kwenye simu hiyo hiyo. Utakuwa unamwonyesha mwizi PIN mpya. Zima data na Wi-Fi kwanza. Tumia simu ya mtu mwingine unayemwamini, utupigie tufunge akaunti kwa muda. Kisha ingia kwenye mipangilio, uangalie ni programu zipi zina ruhusa ya ufikivu na ya kusoma SMS, uzinyang'anye, halafu uiondoe hiyo nakala. Ikikataa kutoka, hifadhi picha na namba zako, urudishe simu ilivyotoka kiwandani. PIN mpya iwe ya mwisho kabisa. Na jambo moja zaidi: kuanzia Android 13, simu huizuia programu iliyotoka nje ya duka rasmi kupata ruhusa ya ufikivu. Ukikuta programu inakuelekeza hatua kwa hatua namna ya kuondoa kizuizi hicho, simama hapo hapo.

Kati ya zile Sh18,400 tulifaulu kuzuia Sh2,150, zilizokuwa bado kwenye laini iliyopokea. Nyingine zote zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Mama aliripoti polisi, akapewa namba ya OB, na uchunguzi unaendelea. Analipia programu yake tena, Sh300 kila tarehe tano. Jumapili anapumzika, kwa sababu kijana wa dada yake ndiye anayefungua duka siku hiyo mpaka deni liishe.